Roger, Sitrep, Zulu: maswali tunayoulizwa sana na wanaoanza gemu za kijeshi

Kila wiki kuna mtu mpya anaingia kwenye skwadi yetu, anavaa hedifoni, anasikiliza redio dakika tano halafu anakaa kimya usiku mzima kwa sababu kila mtu anaongea vifupisho ambavyo hajawahi kuvisikia. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana wengi hawarudi tena. Sisi tunacheza Arma 3 na Squad zaidi, siku nyingine Ready or Not, wengi wetu tuko Dar, Mwanza, Mombasa na Nairobi, wawili wako Goma, mmoja yuko Muscat, na mara nyingi tunaingia seva za Ulaya ambako Kiingereza cha redio ndo lugha ya wote. Haya ndo maswali tunayoulizwa sana, nimejibu kwa urefu pale ambapo watu wanakwama.

Lazima nijue maneno yote haya ndo nicheze?

Hapana. Ukijua kumi na tano hivi unacheza vizuri tu, mengine utayaokota njiani. Cha kuelewa kwanza ni kwa nini yapo. Seva ya Squad ikijaa ina watu 100, hamsini kila upande, skwadi moja ni watu 9, na kiongozi wa skwadi anasikia sauti tatu kwa wakati mmoja: walio karibu naye, watu wa skwadi yake, na viongozi wenzake. Juu ya hapo kuna milio ya risasi na helikopta. Hapo ukitumia sekunde nane kujieleza, yule mwenye habari ya kifaru kinachokuja hawezi kuingia, na watu wanakufa. Ndo maana majeshi yana maneno mafupi yasiyofanana, ambayo hata yakikatika nusu bado unaelewa, na gemu zimerithi hayo hayo. Squad ilitokana na watu wa Project Reality, modi (yaani nyongeza inayotengenezwa na wachezaji wenyewe) ya gemu ya Battlefield 2 ya mwaka 2005, na Arma nayo ina modi kama ACRE na TFAR ambazo zinafanya redio ikwaruze na kukatika ukiwa mbali au ukiwa nyuma ya mlima, kwa hiyo neno moja zuri linafika, stori ndefu haifiki.

Roger, copy, wilco, si ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. "Roger" maana yake nimesikia na nimeelewa, basi. Haimaanishi ndiyo, haimaanishi nakubali, haimaanishi ntafanya. Imetoka kwenye herufi R, ambayo watu wa telegrafu walikuwa wakiituma kumaanisha ujumbe umepokelewa, na kwenye alfabeti ya redio ya zamani R ilikuwa inaitwa Roger. Mwaka 1956 alfabeti ikabadilishwa, R ikawa Romeo, lakini roger ikabaki midomoni mwa watu mpaka leo.

"Wilco" ni nimeelewa na natekeleza, kwa hiyo ukisema "roger wilco" unajirudia, sema wilco inatosha. "Copy" wengi wanaitumia sawa na roger, mimi naitumia nikipewa kitu cha kuandika kama namba za ramani. Ukiulizwa swali la ndiyo au hapana usijibu roger, jibu "affirm" au "negative". Na ishia kwenye affirm, usimalizie affirmative, kwa sababu mwanzo ukikatika kinachofika ni ule mkia tu ambao uko pia kwenye negative, mwenzako hajui umekubali au umekataa. "Ten-four" ni ya polisi wa Marekani na madereva wa malori huko huko, huku iache.

Kwa nini nilifokewa niliposema "repeat"?

Kwa sababu kwa watu wa mizinga na mota (kile kimzinga kifupi kinachorusha mabomu juu) "repeat" ni amri. Maana yake piga tena pale pale, kwa idadi ile ile. Kama hujasikia kitu unasema "say again".

Najua unaona kama ni udogo wa mambo, mimi pia nilikuwa naona hivyo hadi usiku mmoja tuko Altis, kile kisiwa cha Arma 3 kilichotengenezwa kwa kufuata Lemnos ya Ugiriki. Mota zilikuwa zimeshapiga kijiji, sisi tukaingia, tuko watano nyuma ya ukuta wa kanisa. Mtu wa mota akaleta taarifa, ikakatika, kijana wetu mmoja akabonyeza redio akasema "repeat, repeat". Yule wa mota alikuwa mzungu mmoja mtulivu sana, akajibu roger. Sekunde ishirini kimya. Halafu mabomu sita yakatua mle mle kijijini na wanne kati yetu wakaenda chini. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa makusudi, kila mtu alifanya kile alichosikia. Tangu hapo neno hilo kwetu halisemwi kabisa redioni, hata ukiwa huna mota karibu.

Over na out?

"Over" ni nimemaliza, nasubiri jibu lako. "Out" ni nimemaliza, sisubiri jibu. Yanapingana, kwa hiyo hayakai pamoja, wanaosema "over and out" wameichukua kwenye filamu. Kwenye gemu nyingi kialama cha maiki kinakuonyesha mtu kaachia kitufe kwa hiyo hata over haitumiki sana, ila kwenye modi za redio kama ACRE inasaidia.

Ukimuita mtu anza na jina lake kisha la kwako: "Alfa, hapa Bravo mbili". Mtu akisikia jina lake kwanza anategesha sikio, ukianza na la kwako anakuwa hajajua kama anaitwa. Na ukibonyeza kitufe subiri nusu sekunde kabla hujaongea. Wageni wengi neno lao la kwanza halifiki kwa sababu hiyo tu.

Alfa Bravo Charlie nazikariri vipi?

Alfa, Bravo, Charlie, Delta, Echo, Foxtrot, Golf, Hotel, India, Juliett, Kilo, Lima, Mike, November, Oscar, Papa, Quebec, Romeo, Sierra, Tango, Uniform, Victor, Whiskey, X-ray, Yankee, Zulu. Zipo kwa sababu bi, di, pi, ti, vi redioni zote zinasikika sawa. Alfa imeandikwa kwa f na Juliett ina t mbili ili hata asiyejua Kiingereza asikosee kuitamka, Mfaransa angeona t moja mwishoni angeimeza. Sisi tunazo rahisi kadhaa, Kilo, Papa na Tango zote ziko sokoni, hizo hutazisahau, anza na hizo.

Humo ndo yametoka maneno mengine unayoyasikia. "Oscar Mike" ni O na M, tuko njiani tunatembea. "Lima Charlie" ni L na C, nakusikia kwa nguvu na vizuri. "Tango" ni T ya target, yaani adui.

Mbona tisa, tatu na tano za Kiingereza wanazisema "niner", "tree", "fife"?

Ili tisa na tano za Kiingereza zisichanganywe, zote zina sauti ile ile katikati. Na sisi tunalo tatizo letu ambalo hakuna mwongozo wa mzungu utakaokuambia: nne na nane. Maiki mbovu, upepo, mtu anahema, "nne" na "nane" zinakuja sawa kabisa. Tatu na tano pia si salama sana. Tulichokubaliana kwetu ni kwamba namba zinasemwa moja moja, na anayepokea lazima azirudishe kama alivyozisikia kabla mtu hajapiga kitu chochote. Inakula sekunde tatu.

Mtu akisema "three o'clock" ni upande gani?

Hili ningependa kila anayewaza kwa Kiswahili alisome mara mbili. Wazungu wanatumia uso wa saa ya mshale: kumi na mbili ni mbele unakoelekea, tatu ni kulia, sita ni nyuma, tisa ni kushoto. Hakuna muda wowote hapo, ni picha ya duara tu.

Shida inaanza ukitafsiri. Sisi mshale mfupi ukiwa kwenye tatu tunasema saa tisa, na ukiwa kwenye tisa tunasema saa tatu. Tofauti yetu na wao ni masaa sita, na masaa sita kwenye uso wa saa ni upande wa pili kabisa. Yaani hukosei kidogo, unampa adui mgongo.

Imetutokea. Tunatembea kwenye barabara ya mashamba kwenda kijijini, mstari mmoja, mtu wa nyuma akaona rashasha imechomoza dirishani mkono wa kulia, akapiga kelele "adui saa tatu!" Alikuwa anatafsiri three o'clock neno kwa neno. Aliyekuwa mbele yake ni mtu wa Lamu, kichwani kwake saa tatu ni saa tatu, mshale uko kwenye tisa, akalala chini akiangalia kushoto, bunduki tayari, anatafuta mtu ambaye hayupo. Ilikuwa risasi moja tu. Tulibishana baada ya hapo na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Kwa hiyo kwetu tukiongea Kiswahili uso wa saa hautumiki. Tunasema kulia, kushoto, mbele, nyuma kwa kufuata tunakoelekea, au tunasoma digrii kwenye dira iliyo chini ya skrini: "sifuri tisa sifuri" ni mashariki, kila mtu anaiona dira ile ile hata kama amegeukia kwingine. Ukiwa na wazungu na wakatumia saa, usitafsiri kabisa, ona tarakimu kwenye duara.

Tangazo linasema "142000ZJUN25". Hiyo ndo nini?

Ni tarehe na saa vimebanwa pamoja. 14 ni tarehe, 2000 ni saa kwa mtindo wa masaa ishirini na manne, Z ni Zulu, JUN25 ni Juni 2025. Zulu ni saa ya dunia, ile ya Greenwich, na haibadiliki majira ya joto wala baridi. Hiyo ndo faida yake, kwa sababu Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mtu akikuandikia "saa za London" utafika kwa wakati miezi kadhaa halafu ghafla unachelewa lisaa lizima na hujui kwa nini.

Kila ukanda wa saa una herufi yake. Afrika Mashariki, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, tuko mbele kwa masaa matatu, sisi ni Charlie. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Rwanda na Burundi ni Bravo, masaa mawili. Oman ni Delta, manne. Kwa hiyo lile tangazo la juu ni saa tano usiku kwetu Dar, saa nne usiku kwa wale wa Goma, na saa sita usiku kwa wa Muscat. Operesheni moja, na yule wa Muscat kwenye simu yake imeshakuwa tarehe 15.

Sasa hapo unafanya hesabu mbili: kwanza ongeza masaa matatu upate 2300, halafu igeuze iwe saa ya Kiswahili, tano usiku. Watu wanaruka moja. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma 1600Z, nikaondoa sita nikapata saa kumi jioni, nikatoka kazini mbio nikakaa kwenye seva tupu masaa mawili, nikachoka nikalala, watu wakaanza saa moja jioni mimi sipo na nafasi yangu ya daktari wa skwadi akapewa mwingine. Siku hizi matangazo yetu tunaandika zote mbili, Zulu kwanza, halafu "saa tano usiku Dar" kwa maneno.

Namba za ramani, klick na mil?

Namba sita, mfano 043 127. Tatu za kwanza unasoma kwenda kulia, tatu za mwisho unasoma kwenda juu, na zinakupa mraba wa mita 100 kwa 100. Namba nane zinashuka mpaka mita 10, namba nne ni kilomita nzima. Mtu wa mota ukimpa namba nne umempa kijiji na mashamba yake yote, achague mwenyewe.

"Klick" ni kilomita. "Mil" ni kipimo cha pembe, duara zima lina 6400 kwa mtindo wa NATO na 6000 kwa mtindo wa Kirusi, utaikuta kwenye darubini ya mota. "Danger close" maana yake bomu linaangukia karibu na watu wetu, kwa Wamarekani ni ndani ya mita 600 kwa mota na mizinga, na ukisikia hivyo redioni ulale chini, usianze kuuliza.

Nikiona adui niseme nini?

Neno "contact" kwanza, ili wote wanyamaze. Halafu upande, umbali, wangapi, wako kwenye nini. "Contact! Sifuri nne tano, mita mia mbili, wanne, ukuta mweupe." Basi, achia kitufe. Usiseme "yule pale", usiseme "ananipiga", hiyo tunaisikia bila wewe kusema. Na alama ya kitu kinachoonekana ni dhahabu: ukuta mweupe, tangi la maji, gari lililoungua. "Kwenye mti" porini haisaidii mtu.

Ukiwa na muda na hakuna anayekupiga, kuna taarifa ndefu inaitwa SALUTE: wangapi, wanafanya nini, wako wapi, ni kina nani, umewaona saa ngapi, wamebeba nini. SITREP ni taarifa ya hali, kiongozi akiiomba anataka sentensi moja ya ulipo na unachofanya. ACE ni risasi, majeruhi na vifaa, unaombwa baada ya mapigano, jibu "Risasi nusu, mmoja kajeruhiwa kidogo, vifaa vipo".

Na hivi vifupisho vingine vidogo vidogo?

Nivipitie haraka. AO ni eneo la operesheni. LZ ni pa kutua helikopta. FOB ni kambi ya mbele, kwenye Squad kiongozi anaweka redio halafu mnajenga HAB ambapo mtu akifa anarudia hapo, kwa hiyo ukisikia "HAB imezidiwa" usichague kurudia hapo, utatokea mikononi mwao. Logi ni lori la vifaa vya ujenzi na risasi, na anayeendesha logi anastahili heshima kuliko anayeongoza kwa kuua, bila yeye hakuna kinachojengwa. CAS ni ndege kusaidia walio chini. LAT na HAT ni wabeba roketi za vifaru, nyepesi na nzito. MBT ni kifaru kamili, APC na IFV ni magari ya deraya ya kubeba askari, la pili lina mzinga wa maana. KIA amekufa, WIA amejeruhiwa. CQB ni mapigano ya karibu ndani ya majengo. "Blue on blue" ni kupiga mwenzako, kwa sababu kwenye ramani za NATO rangi ya bluu ni sisi na nyekundu ni adui, ndo maana pia Arma ina BLUFOR na OPFOR.

PID ni kumtambua mtu kwa hakika kabla ya kumpiga, na ROE ni sheria za lini upige, hizi mbili zinaenda pamoja. Ukisikia "weapons hold" usipige mpaka upigwe, "weapons tight" piga yule tu uliyemtambua kuwa adui, "weapons free" piga yeyote ambaye hajatambuliwa kuwa wetu. Kwenye Ready or Not mkiingia nyumba yenye raia wamepiga magoti, mtu mmoja asiyejua ROE anaharibu kazi ya watu watano.

Nasikia RPG ni kifupi cha maneno ya Kiingereza?

Watu wameitafutia maneno ya Kiingereza baadaye na yakaingia. Asili ni Kirusi, ruchnoy protivotankovy granatomyot, maana yake kirusha guruneti cha mkononi cha kupambana na vifaru, na RPG-7 iliingia jeshini mwaka 1961. AK pia ni Kirusi, avtomat Kalashnikova. Na D kwenye D-Day, yaani siku ya kuanza operesheni, watu wanabuni mengi, ni herufi ya kwanza ya neno siku lenyewe, ilitumika kabla na baada ya Normandy ya Juni 6, 1944.

Medevac na casevac?

Zote ni kuwaondoa majeruhi. Medevac ni chombo cha hospitali chenye wauguzi ndani. Casevac ni chochote kilichopatikana, hata pikapu. Kuna fomu maarufu ya mistari tisa, kwenye gemu mistari mitano ya kwanza ndo inaokoa: mko wapi, mnapatikana redio gani, wagonjwa wangapi na uharaka wao, vifaa maalumu kama vinahitajika, wangapi wanabebwa na wangapi wanatembea. Mstari wa sita ni usalama wa pa kutua, usiuruke kama bado mnapigwa. Rubani akitua kwenye risasi kwa sababu hukumwambia, mnakuwa na majeruhi wengi kuliko mwanzo.

Kwa nini tusitumie Kiswahili tu?

Tutumie, na tunatumia. Skwadi ikiwa ya Waswahili watupu tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho na tunakuwa wepesi kuliko tukijilazimisha Kiingereza, kwa sababu mtu akiogopa kukosea sarufi anachelewa kutoa taarifa. Wala lugha haina upungufu wa mambo haya. JWTZ, jeshi la Tanzania, wanatoa amri za gwaride kwa Kiswahili, mguu sawa, nyuma geuka, hata skauti wa shule ya msingi anazijua. Tuna kifaru, deraya, rashasha, handaki, doria, kurutu, bomu la mkono. Afande limetoka kwa Waturuki, askari limetoka kwa Waarabu likapita kwetu mpaka likaingia kwenye vitabu vya Waingereza na Wajerumani.

Ila kuna mahali pa kuwa makini. "Rudia" ni ile ile repeat na ni ile ile say again, kwa hiyo tumegawa: "sema tena" ni sijasikia, "piga tena" ni amri ya mota, na "rudia" tumeiacha. "Kaskazini mashariki" ina silabi nane, mpaka umalize adui kashavuka barabara, sema digrii. Na "huyo" na "hao" redioni havina maana yoyote, mtu hakuoni unaelekeza wapi kidole.

Roger tumeiacha kama roja, hiyo imeshakuwa yetu.

Mimi nacheza PUBG Mobile na Call of Duty kwenye simu, yananihusu?

Yanakuhusu zaidi ya unavyodhani. Pale juu kuna dira yenye digrii, umbali unaonekana ukiweka alama kwenye ramani, kwa hiyo "mia mbili arobaini, nyuma ya jiwe, wawili" inafanya kazi vile vile. Anza na hiyo tu na rafiki zako watatu, wiki moja, utaona wenyewe mnavyoacha kupiga kelele.

Lazima nimwite kiongozi "sir" au afande?

Kwetu hapana, mwite kwa jina la redio. Makundi mengine ya Ulaya yana vyeo, saluti na kila kitu, ukiingia kwao fuata yao. Kitu kimoja hatukubali ni mtu kudanganya kwamba yeye ni mwanajeshi wa kweli. Tuna memba ambao baba zao walikuwa jeshini na hawalichukulii hilo kama mchezo. Na sare, usije ukanunua kombati ya jeshi ukapiga picha ya wasifu, kwa raia hapa kwetu kuvaa sare za jeshi ni kosa la kisheria.

OPSEC ni nini na kwa nini mnaisisitiza?

Ni kulinda habari zisimfikie asiyetakiwa. Kwenye gemu ni mambo madogo, ukiwa kwenye Arma yenye ACRE au TFAR usitaje ilipo kambi yenu kwa sauti ya karibu maana adui aliye nyuma ya ukuta anaisikia. Nje ya gemu ni kubwa. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder alitoa kurasa za siri kuhusu kifaru cha Uingereza cha Challenger 2, kisa anataka kushinda ubishi kwamba kwenye gemu kimetengenezwa vibaya. Na mwaka 2012 watengenezaji wawili wa Arma 3 walikamatwa Lemnos kwa tuhuma za kupiga picha maeneo ya jeshi, wakakaa ndani siku 129. Wewe kama una ndugu jeshini, usiulize wala usisimulie kambi yake ikoje ili kupendezesha misheni.

AAR ni lazima? Mimi nataka nikalale.

Ni yale mazungumzo baada ya operesheni, jeshi la Marekani lilianza kuyatumia miaka ya 1970. Tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, tutabadilisha nini. Dakika kumi. Sheria yetu ni kwamba anaanza memba mpya kuliko wote, kiongozi anaongea wa mwisho, vinginevyo wote wanakubaliana na kiongozi. Lile suala la saa tatu tulilijua kwenye AAR, mtu wa Lamu ndo aliyelieleza, alichora saa kwenye karatasi akaionyesha kwenye kamera.

Nikisahau neno katikati ya mapigano?

Sema kawaida. Hakuna atakayekucheka, na kama yupo mwambie kiongozi. Mwezi uliopita dada mmoja wa Mwanza, siku yake ya pili, alisahau kila kitu tulichomfundisha, akabonyeza redio akasema: "Wawili ghorofani, dirisha la kushoto lenye pazia la kijani, hawajatuona bado." Akaachia kitufe.